Kisanduku cha Jina

Ngaramtoni,
9 Februari 2025

Kaka yangu Gidion,

Shikamoo. Najua nimekukosea. Barua yako ya kabla ya Krismasi niliipata, nikaisoma, nikaiweka chini ya godoro, na kila nilipotaka kuijibu nikasema kesho. Sasa ni Februari. Usinikasirikie. Si kwamba nilikusahau. Kuna wakati mtu anakosa pa kuanzia, basi anakaa kimya, na ukimya wenyewe unakuwa mzigo mwingine. Nisamehe.

Yeyo hajambo, ila mama wa watu goti linamsumbua akipanda kwenda kanisani. Anauliza huko Uholanzi mnakula nini, maana kwenye picha umekonda na umevaa kofia ya mtu mwingine. Shemeji yako Lemburis anaendesha trekta ya watu huko Monduli, anarudi mwisho wa wiki, analala, anaondoka. Nice wetu ana miaka minne sasa. Anaimba wimbo mzima wa Shule ya Jumapili, na akikosea neno moja anaanza upya tangu mwanzo, hata kama mmeshachoka. Mvua za vuli zilitudanganya. Mahindi yalisimama kidogo yakalala.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu bado ni kitochi, na kukupigia nikiwa bomani ni kama kutangaza kanisani. Rafiki yangu Nkasiogi ataipeleka barua stationari, waipige picha wakutumie kwa barua pepe. Jibu kwa njia hiyo hiyo, watanichapia.

Sasa jambo lenyewe.

Mwaka jana mwishoni nilifanya kazi ya udodosaji, mimi na Nkasiogi, kwa lile shirika la manesi. Sijui kama nilikueleza vizuri. Watu wa vijiji vya juu mlimani walipewa nesi anayetembea nyumba kwa nyumba kumwangalia mwanamke aliyetoka kujifungua, na mizani kwenye mkoba, mpaka mtoto afikishe miezi miwili. Sisi wa huku chini hatukupewa. Walisema wanataka kulinganisha kwanza. Wakiona nesi anasaidia, mwaka huu na sisi tungempata. Kazi yetu ilikuwa kuingia kila boma la huku chini na kishikwambi na kuwauliza akina mama waliojifungua ndani ya mwaka. Wengine walifanya hivyo hivyo kule juu.

Mwezi uliopita tukaitwa ofisi ya kata kusomewa majibu. Msimamizi wetu, Arnold, ndiye aliyesoma.

"Hakuna tofauti," akasema. "Watoto wa juu na wa chini wanaishi sawasawa. Kwa hiyo huduma ya nesi itafungwa mwisho wa mwezi wa tano."

Mama mmoja nyuma akacheka, kile kicheko kibaya. "Sawasawa na nani? Wangu anaishi wapi, uniambie nikamchukue?"

"Mama, hii imekokotolewa na kompyuta. Kompyuta haina ndugu."

"Ndiyo maana," yule mama akamjibu.

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilishakaa kwenye kigoda cha mama huyo nikimhoji. Swali linasema: "Je, mtoto yu hai?" Nilibonyeza Hapana kwa kidole changu. Na si kwake tu. Nimebonyeza Hapana kwenye maboma mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nilimfuata Arnold nje nikamwomba aniazime ile ripoti. Ukurasa wa mwisho wameandika hesabu zilipigwa kwa programu gani, na kaka, ni ile yako. Ile ya bure uliyotuambia haina mwenyewe, kwamba wewe na wenzako wa nchi nyingi mnaitengeneza kwa mapenzi tu, na yeyo akakuuliza, kama haina mwenyewe, ikikosea atachapwa nani?

Basi naomba uniambie: zile Hapana zangu zimekwenda wapi?

Nina haraka kidogo. Wifi yangu Namnyaki, dada yake Lemburis, yule aliyeolewa kule juu, ana mimba. Ya kwanza ilitoka. Hii anatarajia kujifungua mwezi wa nane, na nesi wa kwao ataondoka mwezi wa tano.

Mdogo wako,
Nashipae

*

Uholanzi,
2 Machi 2025

Mdogo wangu Nashipae,

Marahaba. Nimefurahi mpaka mwenzangu wa chumbani ameniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Mwambie yeyo kofia ni yangu, na nakula viazi, asubuhi viazi, jioni viazi. Ningepata bakuli moja tu la loshoro, yale mahindi yenu na maziwa ya mgando, ningelia. Mitihani imekwisha salama. Msalimie shemeji.

Lakini umenificha kitu. Nilipoondoka nyumbani baada ya likizo ulikuwa na tumbo kubwa. Nimehesabu, lazima ulijifungua mwezi wa tisa au wa kumi. Ni wa kike au wa kiume? Mmempa jina gani? Nyumbani nikipiga simu kila mtu ananiambia "wote wazima", halafu mtandao unakatika. Umeandika habari za Nice na goti la yeyo na mahindi, za mdogo wake Nice hakuna neno. Nitumie basi hata jina.

Sasa swali lako. Data nimeipata, usiulize kwa njia gani, ni halali. Na zile Hapana zako nimeziona. Zipo.

Chukulia kwamba data ni jedwali kubwa. Kila kaya ina mstari wake, na kila swali lina kisanduku chake katika mstari huo. Programu yetu, kabla ya kupiga hesabu, inapita kwanza kwenye mistari yote. Ikikuta kisanduku kitupu, inautupa mstari mzima. Haisemi imetupa mingapi. Inaendelea na iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Kutupa mstari wenye pengo si kosa kama pengo hilo liko kwenye swali linalotumika katika hesabu. Kosa ni kwamba yetu inautupa hata kama pengo liko kwenye swali ambalo hesabu hailihitaji kabisa.

Kaya zako za Hapana, na za kule juu pia, karibu zote zina pengo moja. Mahali palipoandikwa "Jina la mtoto" hakuna kitu. Jina halitumiki popote katika hesabu, lakini kwa sababu ya kisanduku hicho mstari umetupwa, na Hapana yake ikaenda nao. Walio hai wote wana majina, wamebaki. Ukiwatoa waliokufa kwenye hesabu, juu na chini lazima wafanane.

Nimewaandikia wenzangu. Mama mmoja wa Brazili amekubali palepale. Lakini yule mwenye neno la mwisho juu ya sehemu hiyo amenijibu hivi: "Fomu isiyo na jina ni fomu mbovu. Wadodosaji walikuwa wavivu. Hatubadilishi programu kwa ajili ya uvivu wa watu." Nahitaji kitu cha kumjibu. Mlichoka? Kishikwambi kilikwama? Niambie ukweli tu, sitakucheka. Na tukishinda, tutaweka ndani ya programu jaribio dogo, kijijedwali cha kaya chache za mfano, ili mtu akiirudisha ilivyokuwa siku za mbele, programu yenyewe ipige kelele.

Usisahau jina.

Kaka yako,
Gidion

*

Ngaramtoni,
30 Machi 2025

Kaka Gidion,

Shikamoo. Mvua imeanza na bati la jikoni linavuja palepale ulipoligonga msumari mwaka juzi, yeyo anasema uje umalizie kazi yako. Nice alikuwa na kikohozi, sasa anakohoa akitaka sukari tu. Lemburis hajarudi wiki mbili, barabara ni tope.

Umeuliza mambo mawili, kwa nini kisanduku kiko wazi, na mtoto ameitwa nani. Jibu ni moja, na nimekaa nalo siku nyingi kabla ya kuliandika. Soma ukiwa umekaa.

Alikuwa wa kiume. Alizaliwa mwezi wa tisa, hapa nyumbani, mzima, analia kwa nguvu. Hakufikisha mwezi. Kitovu kilianza kutoa maji, nikadhani ndivyo kinavyokauka. Halafu akaacha kunyonya. Akawa wa moto, na asubuhi akawa wa baridi. Nilipofika naye zahanati, nesi wa pale alimfunua, akaniuliza kwa nini nimechelewa. Kaka, sikujua kama nimechelewa. Hakuna aliyewahi kuniambia kitovu kinatakiwa kiweje.

Yeyo alisema usiambiwe mpaka umalize mitihani. Mitihani ikaisha, na mimi sikuweza. Usimlaumu.

Hakuwa amepewa jina. Wewe ulipelekwa bweni ukiwa mdogo, na mambo haya wanaume hawakai kuyasikiliza, ndiyo maana unaniuliza kama mzungu. Kwetu mtoto hapewi jina siku anapozaliwa. Anasubiriwa. Akiondoka kabla ya siku hiyo, hatafutiwi jina baadaye, na mama yake haulizwi. Watu wanasema tu "yule wa Nashipae", tena kwa sauti ya chini, na yatosha.

Sasa njoo na kishikwambi chako. Swali la kwanza kabisa: "Andika jina la mtoto." Boma la kwanza nililoingia nikaliuliza, kama tulivyofundishwa. Yule mama aliniangalia, akainuka, akaenda kukamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa. Nilimsubiri. Hakurudi mpaka nilipoondoka kwenye kile kigoda. Tangu siku hiyo, nikijua mtoto hayupo, sikuuliza tena. Pana kitufe kimeandikwa "Ruka". Nikaruka. Nkasiogi naye akaruka, na hatukuwa tumeambiana.

Mimi pia nilihojiwa. Mtu haruhusiwi kujihoji mwenyewe, kwa hiyo alikuja Nkasiogi. Alikaa jikoni kwangu, kishikwambi mapajani, hakuniangalia.

"Nashipae, naruka."

"Ruka."

"Je, mtoto yu hai?"

"Si unajua."

"Lazima useme."

"Hapana."

Akabonyeza. Tukanywa chai.

Mwambie huyo mwenye neno la mwisho kwamba hatukuwa wavivu.

Nilimweleza Arnold ulichokigundua. Yeye si mtu mbaya, ana haraka tu. Akasema, "Ah, hilo tu? Nitawafungulia fomu. Jazeni Mtoto A, Mtoto B, Mtoto C, kompyuta itaridhika. Kazi ya nusu siku." Nkasiogi alinitazama, nikaona anakaribia kukubali. Nikasema hapana. Nilimwambia Arnold sitampa mwanangu jina ili kompyuta imwone. Akasema, "Basi bakia na msimamo wako, na nesi ataondoka."

Inawezekana yuko sahihi. Nimelifikiria nikifua, nikipika, nikimnyonyesha wa jirani siku mama yake alipokwenda kliniki, maana maziwa yangu yalikawia kukauka. Lakini tukijaza majina ya uongo mwaka huu, mwaka kesho programu hiyo hiyo itakwenda kwa watu wengine, na akina mama wengine watatupwa, na kule hakutakuwa na wewe. Hicho chombo ndicho kijifunze.

Ukihitaji mfano wa jaribio lako, chukua mstari wangu, nimekuruhusu. Ila kisanduku cha jina ukiache kama kilivyo. Usiweke hata nukta.

Na hukuniambia data umeipata wapi. Umesema nisiulize. Nauliza.

Nashipae

*

Uholanzi,
11 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara nyingi na kila mara nimeifuta. Sijui kuandika pole. Nilipoisoma yako nilitoka nje na fulana tu, nikakaa kwenye ngazi za bweni mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza funguo. Nikamwambia ndiyo.

Nilikuuliza jina mara tatu katika barua moja. Nisamehe.

Yeyo nimempigia. Akaniuliza tu, "Umekula?"

Nitakueleza nilichofanya, kwa sababu hicho ndicho ninachokiweza.

Nimelirekebisha lile kosa. Sasa programu inaangalia kwanza hesabu inahitaji maswali gani, na inatupa mstari pale tu ambapo pengo liko kwenye hayo. Na kila ikitupa, inasema imetupa mingapi na kwa nini. Nilipomaliza nikakuta kosa jingine chini yake. Kila kaya mliyoihoji ina namba inayoonyesha inasimama kwa niaba ya kaya ngapi ambazo hamkuzifikia. Programu ilipotupa mistari, zile namba hazikusogea pamoja nayo. Zilibaki kwenye foleni yake ya zamani. Kwa hiyo kila kaya iliyofuata baada ya pengo ilivaa namba ya jirani yake. Boma lililosimamia kaya kumi likahesabiwa kama linasimamia mbili. Hilo nalo nimelifunga.

Jaribio nimeliweka. Kaya za mfano ni chache, na mstari wa kwanza hauna jina. Juu yake nimeandika maelezo: "Kisanduku hiki kinaweza kuwa kitupu kwa sababu halali. Mstari usitupwe." Yule mwenye neno la mwisho akauliza ni sababu gani hiyo halali. Nikamwandikia sentensi mbili. Aliyapitisha mabadiliko bila kuongeza neno, na mtu huyo huongeza neno hata kwenye salamu.

Kisha nikapiga upya hesabu za vijiji vyenu. Tofauti ipo, Nashipae. Huku chini, wanaoondoka kabla ya miezi miwili ni karibu mara tatu ya kule juu. Nesi anasaidia. Alikuwa anasaidia tangu mwanzo.

Toleo jipya la programu litatoka mwezi wa sita. Aliyetumia la zamani anaweza kurudia hesabu zake. Hilo sasa ni la wenyewe.

Nakukumbuka.
Gidion

*

Ngaramtoni,
8 Juni 2025

Kaka Gidion,

Shikamoo. Baridi imeshuka na ukungu haupandi mpaka saa nne, Meru hatujauona wiki nzima. Yeyo anajifunika shuka mbili na kulalamika ya tatu iko kwako. Tangu ujue, amepata nafuu. Alikuwa amebeba uongo wake kama mtungi.

Asante kwa kazi uliyofanya. Nimeisoma barua yako na Nkasiogi, pale pale nje ya stationari, tumesimama. Alipofika kwenye mstari usio na jina alinirudishia karatasi, akaenda kununua vitunguu.

Nesi wa juu ameondoka. Namnyaki anasema aliwaaga nyumba kwa nyumba, na kila mahali aliulizwa tumemkosea nini. Walimwomba awaachie mizani. Akasema angeweza angeiacha, lakini imebandikwa namba ya shirika, akirudi bila hiyo atakatwa mshahara. Basi mizani imeteremka mlima ndani ya gari, na imewekwa stoo hapa Arusha, haimpimi mtu.

Sasa kaka, umeandika mistari mingi kuhusu programu, na wala mmoja haujibu nililokuuliza kuhusu data. Nimekwenda kwa Arnold. Nikamwuliza, hesabu alizipiga nani? Akanitajia chuo. Ni chuo chako. Akanionyesha saini. Ni yule profesa wako uliyepiga naye picha kwenye theluji, yule uliyemwandikia yeyo kwamba ndiye baba yako wa huko.

Kumbe data haikutoka mbali.

Sikutukani. Hukuandika wewe ile ripoti, na bila wewe nisingejua chochote. Lakini unasema "hilo sasa ni la wenyewe", na mwenyewe yuko mlango wa pili kutoka kwako. Umemwambia? Nijibu ndiyo au hapana. Mimi nimebonyeza moja ya hizo mara nyingi, haiui.

Nashipae

*

Uholanzi,
20 Julai 2025

Nashipae,

Ilikuwa hapana. Mwezi wa tisa profesa ndiye anayeandika kama niendelee na masomo au nirudi. Nilikaa na karatasi ya kweli kwenye kompyuta yangu, nikijiambia toleo jipya likitoka ataliona mwenyewe. Hakuliona. Watu hawarudii hesabu iliyowapa jibu tulivu.

Baada ya barua yako nilimpelekea hiyo karatasi. Aliisoma yote. Akasema, "Kazi nzuri sana, Gidion." Akasema ataweka maelezo mafupi kwenye makala yake ijayo, kwamba matokeo hubadilika kutegemea namna ya kushughulikia mapengo. Ripoti yenyewe imeshafungwa, na fedha za shirika zimeshahamia mradi mwingine, nchi nyingine.

Halafu akaniuliza, "Umemwonyesha nani mwingine?"

Nikasema hakuna.

Nimekuandikia hili kwa sababu wewe uliniandikia lako. Namnyaki anaendeleaje?

Gidion

*

Ngaramtoni,
24 Agosti 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Yeyo mzima. Lemburis amerudi na mkono umefungwa, trekta ilimbana, lakini vidole vinacheza. Nice ameanza shule ya awali na siku ya kwanza alimsahihisha mwalimu wimbo.

Namnyaki amejifungua mtoto wa kike. Yeye mwenyewe yuko salama, amepoteza damu ila anakula. Mtoto ni mdogo. Ananyonya kidogo, analala sana, na huo usingizi siupendi. Napanda kule kila ninapoweza. Nimewakataza majivu kwenye kitovu, nimewakataza samli, mama mkwe wake ameniambia, "Umekuwa daktari lini?" Nikamwambia tangu mwezi wa tisa mwaka jana. Hakupaka.

Juzi pembeni mwa kitovu palikuwa pekundu. Sikungoja. Tulimfunga mtoto kifuani kwa Namnyaki, tukashuka kwa bodaboda mpaka zahanati. Wamempa dawa. Safari hii hakuna aliyeniuliza kwa nini nimechelewa. Wakasema tumwangalie uzito, akipungua tumrudishe haraka. Nikauliza tutajuaje nyumbani kama anapungua? Dada wa pale akaninyooshea mikono mitupu. Kwa hiyo tunamkadiria. Namnyaki anamnyanyua asubuhi na kusema, "Naona ni yuleyule." Mimi namnyanyua, namshusha, namnyanyua tena.

Sijui ataishi. Nakuandikia hivyo hivyo ili usije ukaambiwa "wote wazima".

Kuhusu profesa. Uliulizwa nani mwingine amejua, ukasema hakuna. Kaka, nakupenda, umenipigania mbele ya watu wasionijua. Lakini mimi si hakuna. Wala huyu aliyelala kifuani kwa Namnyaki. Kama ni kurudi nyumbani, rudi, tutagawana hicho kidogo. Lakini usirudi ukiwa umeificha hiyo karatasi.

Nimekwenda kwa mtendaji wa kata. Aliniacha nisimame muda mrefu, halafu akasikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Akasema, "Mama Nice, nikipeleka maneno ya mdomo wilayani watanicheka. Niletee hesabu yenye jina la mtu aliyeipiga, nitaipeleka mwenyewe." Mimi na Nkasiogi tumekubaliana pia kwamba tutapita wenyewe kwa wazazi wapya, juu na chini, na kupima. Si manesi, lakini macho tunayo.

Kwa hiyo ninachohitaji unitumie ni hiki, na usipunguze:

Mizani ya kupimia watoto, ile ya kuning'iniza, pamoja na mfuko wake wa kumkalisha mtoto. Iwe yetu, isiwe na namba ya mtu yeyote. Hii itangulie vingine vyote, usisubiri vikamilike.

Vipimajoto viwili. Vya kubonyeza, si vya kioo, kioo kwetu hakikai.

Hesabu mpya ya vijiji vyetu, kwa Kiswahili, herufi kubwa, kurasa mbili zisizidi. Useme kaya ngapi zilitupwa, kwa sababu gani, na jibu likoje zikirudishwa. Usitaje jina la mama yeyote. Chini uandike jina lako lote na la ukoo. Sitaki la profesa. La kwako.

Maelekezo ya namna mtu mwingine anavyoweza kupiga hesabu hiyo hiyo akapata jibu hilo hilo, maana wilayani watasema kaka yake ndiye kaitunga.

Nakala ya barua utakayomwandikia profesa kumwambia umenionyesha mimi. Naitaka hata kama ni mistari mitatu.

Nguo za mtoto usitume. Zipo.

Na tarehe. Niandikie tarehe utakayoipeleka mizani posta, usiandike "hivi karibuni".

Mdogo wako,
Nashipae